Mafuta ya Ndani

Ziningi Cele alikuwa na kinyaa cha mafuta tangu utotoni, na hakikuwa kinyaa cha kujitia. Wapo watu wanaosema hawali mafuta huku kidole kimeshachovya. Yeye alipouona mchuzi uliolala, umefanya gamba jeupe juu, roho ilimwinuka na mate yakamjaa mdomoni, na ilibidi atoke nje apigwe na upepo. Mama yake, MaNtuli, alimwita binti wa kizungu. Wenzake walimwita maringo. Sasa binti huyo huyo alikuwa amekaa mkekani ndani ya msonge wa wanawali, kapakwa udongo mwekundu usoni hadi vidoleni, akisubiri siku ya kuvishwa mafuta ya ng'ombe mbele ya vilima vyote vya miwa.

Si kupakwa, ni kuvishwa. Ule utando unaokumbatia matumbo ya ng'ombe, umhlwehlwe, hutolewa mzima ungali na joto la mnyama, ukatandazwa mabegani mwa mwali kama mtandio, naye akatoka nao kwenda kucheza zizini. Bila huo hakuna sherehe na msichana hajakua. Tena uwe mpana, uwe mnene, baba asifiwe kwa kuchagua ng'ombe. Na usipasuke. Ukipasuka, midomo ya wanawake nayo hufunguka: kumbe binti alishaguswa, wazee wa kaburini wamekataa kudanganywa.

"Utafumba macho tu," Lindelwa alimwambia. Huyu alikuwa rafiki yake tangu shule ya msingi, naye alikaa ndani pamoja naye kumwimbia na kumtania. "Fikiria ni shuka ya hariri."

"Hariri haichuruziki hadi kwenye maziwa ya mtu."

"Dada yangu alivaa, na mpaka leo mzima."

"Dada yako hula mkia wa kondoo kwa kijiko."

Walicheka, lakini Ziningi alicheka kwa nusu mdomo. Siku zilikuwa zimebaki chache.

Aliyeruhusiwa kuingia na kutoka mle ndani ni Shangazi Nomagugu, dada yake baba. Aliingia kwa ubavu, kwani nyonga zake na mlango ule havikupata kuelewana, na kila alipoingia nyumba ilipungua. Mapaja yalisuguana chini ya gauni kwa sauti ya magunia yanayoburutwa. Alibeba chungu cha utumbo, akaketi, akaanza kula yeye kwanza kuonyesha mfano, akifyonza mfupa, akilamba kiganja hadi kwenye kifundo. Ziningi aliutazama ule mkono unaong'aa mafuta akageuza uso ukutani.

"Kula, mwanangu. Mwali gani mifupa inagongana hivi? Watu watasema tulikuweka ndani tukakunyima."

"Nimeshiba, Shangazi."

"Umeshiba hewa ya Durban."

Huko Durban ndiko Ziningi alikosomea mambo ya lishe, na yale masomo yalikuwa yamempa kinyaa chake cheti. Mwaka uliotangulia, Shangazi alipokwenda kumtembelea, Ziningi alimburuta hadi kwenye zahanati moja akampandisha mzani. Muuguzi aliusoma uzito kwa sauti ya kunadi samaki, foleni nzima ikageuka. Shangazi hakuona haya hata chembe. "Nimezidi? Basi nipunguzieni hapo hapo, muwagawie wenye njaa." Foleni ikaangua kicheko, na Ziningi akatamani ardhi immeze. Tangu siku hiyo alimhesabu shangazi yake kuwa maiti inayotembea. Alimhurumia, ndiyo, lakini huruma yake ilinuka dharau.

Baba yake, Bhekinkosi, hakuna aliyehofia afya yake. Miguu yake ilikuwa myembamba, mikono imekauka kwa kazi, shingo ya kijana. Tumbo alikuwa nalo, la mviringo na gumu, limekaa chini ya shati kama tikiti alilolificha, lakini nani atamnyima mwanamume wa makamo tumbo? Ni heshima ya nyumba, watu huligonga wakicheka: MaNtuli anapika! Kiwanda cha sukari alikofanya kazi kilifanya siku ya afya, kikawapima wote uzito na urefu, na Bhekinkosi Cele akatangazwa kuwa mfano wa kuigwa. Wakampa zawadi ya kapu. Ndani ya kapu kulikuwa na sukari ya kiwanda, chupa ya mafuta ya kukaangia na makopo ya nyama ya mafuta. Picha akilipokea ilitundikwa sebuleni. Ziningi, msomi wa lishe, alisimama chini ya picha ile akapiga makofi. Hata kapu hakuliona lilivyo.

Asubuhi moja wanaume walikuwa wanatengeneza boma la zizi nyuma ya msonge. Ziningi alisikia nyundo ya baba yake ikigonga nguzo, kisha ikanyamaza. Mtu aliegemea ukuta kwa nje, karibu kabisa na kichwa chake, akahema. Pumzi ilikuwa fupi, inakwama katikati, inaanza upya.

"Ni kama mtu kaniwekea jiwe hapa," baba yake alisema. "Linashuka mpaka mkononi."

"Gesi hiyo, Ndosi," akajibu baba mkubwa Mandlakayise, kaka wa Bhekinkosi na mkubwa wa ukoo, akimwita kwa jina la sifa la ukoo wao. "Kunywa soda upige mbweu."

Soda ikaletwa. Baada ya muda mbweu ikatoka, ndefu, ya maji maji, na wanaume wakashangilia kama wamefunga goli. "Si nilikwambia!" Nyundo ikaanza tena, lakini polepole, ya mtu anayejihurumia.

Ziningi alikaa akiwa ameshika mdomo. Mbweu ile ilimtia kinyaa, lakini kilichomchafua zaidi ni kile kicheko chao. Kifua kinabana, mkono unauma, na wazee wazima wanashangilia hewa ya tumbo! Naye hakuweza kutoka. Mwali hatoki, baba haingii, hawaonani wala hawasemezani hadi siku yenyewe.

Ndipo somo moja lilipomrudia. Mhadhiri wao, mama mmoja mkali, aliwahi kuwaambia kuwa mzani ni kipofu. Unajua mtu ana kilo ngapi, haujui kaziweka wapi. Mafuta ya matakoni na mapajani mara nyingi yamelala tu, hayana ugomvi mkubwa na mwenyewe. Ya hatari ni yale ya tumboni kwa ndani, yanayolizunguka ini na utumbo, ndiyo yanayovuruga damu na kuharibu mishipa ya moyo, na mtu wa miguu myembamba anaweza kuwa nayo tele. Mtu asiye na mashine achukue kamba ya urefu wake, aikunje katikati iwe nusu, aizungushe kiunoni. Ikishindwa kufika, kuna jambo. Ziningi alikuwa ameyaandika yote hayo, akafaulu mtihani, akaendelea kutazama miguu ya watu.

Jioni Shangazi alipoingia, alimshika mkono ule ule wenye mafuta.

"Shangazi, nipimie baba."

"Nimpimie nini?"

"Urefu na kiuno. Kwa kamba."

"Nimfunge kaka yangu kamba kama mbuzi wa mahari?"

"Mwambie ni ya ule mkanda wa ngozi atakaovaa siku ya sherehe. Tafadhali, Shangazi. Leo kifua kilimbana, nimemsikia."

Shangazi Nomagugu aliacha kutafuna. Alikuwa na macho madogo, yamezama kwenye mashavu, na Ziningi hakuwahi kuyaona yakitulia namna ile. Akafuta mikono kwenye gauni, akatoka kwa ubavu.

Alirudi na kamba ya katani yenye mafundo, moja la urefu, moja la kiuno. "Kavuta tumbo ndani, mjinga yule. Nikamtekenya, likatoka." Ziningi aliikunja kamba hadi kwenye fundo la urefu, akailinganisha na fundo la kiuno. Kiuno kilizidi kwa kiganja kizima, na vidole juu yake. Alirudia kuikunja, akiomba awe amekosea. Hakuwa amekosea.

"Ni vibaya?" Shangazi aliuliza.

"Ni vibaya sana."

"Na mimi nipime. Najua unavyonitazamaga nikila, sijazaliwa kipofu. Nipime tujue."

Lindelwa akakanyaga ncha ya kamba chini, Ziningi akaivuta hadi utosini kwa Shangazi, akaikunja, akaizungusha. Kiuno chenyewe kilikuwa kimejificha juu ya zile nyonga kama shingo ya kibuyu. Ncha zikasogeleana, zikagusana.

"Usibane pumzi, Shangazi."

"Sijabana. Ndivyo nilivyoumbwa."

Haikuwa kwa nafasi kubwa, na mhadhiri yule angempa ushauri wake wa chumvi na sukari. Lakini kamba ilifika. Ziningi aliitazama akaona haya, kisha akaikasirikia haya yenyewe, maana haikuwa na msaada wowote kwa mtu aliyekuwa akihema nyuma ya ukuta.

Shangazi alipeleka ujumbe sebuleni: Bhekinkosi aende hospitali, akapimwe moyo, sherehe isogezwe. Majibu yakarudi upesi.

"Baba yako anasema mwali kazi yake ni kukaa ndani na kunenepa. Yeye alishapimwa na watu wenye mashine, hatapimwa na wenye kamba."

"Na baba mkubwa?"

"Baba mkubwa wako!" Shangazi akafyonya. "Anasema wazee wa kaburini wameshaambiwa, pombe imeshachacha, hatuahirishi sherehe kwa ajili ya mbweu."

Siku ikafika. Kabla jua halijapanda, Ziningi alisikia ng'ombe akilia mara moja, kisha vifijo vya wanaume, kisha visu. Harufu ilipenya chini ya mlango, ya damu na majani yaliyochachuka tumboni. Baba mkubwa alikuwa akipiga kelele kama mnadani. "Njooni mtazame! Ndosi kachinja tajiri! Tazameni mafuta haya!"

Wanawake waliingia na beseni. Utando ulikuwa umejikunja ndani yake, unatoa mvuke. Ziningi alitarajia ule wavu mwembamba aliowahi kuuona kwa wasichana wengine, wenye mistari myeupe kama lesi. Huu ulikuwa na mabonge. Mafuta yalikuwa yamejaa manjano, yameshikamana kama ugali uliomwagikiwa samli, na mishipa myekundu ikitambaa humo. Mama mmoja alipouinua kwa ncha, ulining'inia mzito ukidondosha, na vigelegele vikapigwa. Hata MaNtuli alikuwa anatabasamu huku machozi yanamtoka, maana siku ya mwali ni siku ya mama.

Ziningi alitapika kwenye majivu. Wanawake wakacheka, walishamzoea. Lakini alipoinua kichwa alikuwa ameshaona jambo ambalo hakuweza tena kuacha kuliona. Baba yake alibeba kitu hiki hiki. Chini ya lile tikiti gumu ambalo kijiji kizima kililigonga kwa furaha, kulikuwa na beseni kama hili, linalozidi kunenepa, na mtu mwenyewe anasubiri kucheza ngoma nalo juani.

"Sivai," akasema.

"Funga macho, mama, tukuvishe haraka," akasema MaNtuli.

"Sivai mpaka baba aende hospitali."

Kicheko kikakatika. MaNtuli akamsogelea akamshika mashavu yenye udongo.

"Ziningi. Mwali akikataa utando, unajua watasema nini?"

"Najua."

"Watasema unaogopa usipasukie mwilini mwako. Watasema tumewalisha nyama ya uongo. Nani atakuoa?"

"Waseme, Mama. Midomo ni yao."

Wakaanza kusema pale pale, hata hawakungoja kufika uani. Jirani mmoja aliyekuwa ameshika ncha ya utando aliuachia ukarudi kwenye beseni kwa kishindo cha maji maji, akajifuta vidole. "Mimi niliona tangu aliporudi likizo. Durban hairudishi kitu kizima." Jirani huyu huyu alikuwa amelala hapo siku tatu akila mkate wao. Ziningi alimtazama kinywa, mabaki ya ini yamemganda kwenye jino, akajua kuwa mafuta si kitu kichafu kuliko vyote alivyopata kuviona.

Habari ilifika zizini kabla ya chai kupoa. Bhekinkosi akaja mlangoni akiwa amevaa ngozi zake, na kwa kuwa hakuruhusiwa kuingia alisimama nje akiongea na mbao za mlango.

"Unaniaibisha mbele ya watu, wewe mtoto."

"Ndiyo, Baba."

"Nimekulea, nimekusomesha, nimekuchinjia ng'ombe ambaye hajaonekana kwenye vilima hivi. Nini zaidi unataka?"

"Nenda wakufunge nyaya za kupima moyo kifuani. Wakisema mzima, navaa hata matumbo ya ng'ombe wako. Nitayafunga kichwani."

Wanaume wakacheka huko nje. Bhekinkosi hakucheka. "Mimi sina ugonjwa! Nimepewa kapu mbele ya kiwanda kizima! Toka ndani sasa hivi, toka kabla sija..."

Sauti ikamkatikia. Kupitia ufa wa mlango Ziningi aliona miguu ile myembamba ikijikunja, baba yake akikaa juu ya jiwe la kizingiti huku mkono umeshika kifua na jasho likimtiririka kwenye tumbo lililokaza chini ya ushanga.

"Mleteeni soda," akasema baba mkubwa.

"Kanywe wewe hiyo soda!" Shangazi Nomagugu alikuwa ameshatoka, na safari hii mlango haukumzuia. "Inuka, Ndosi. Inuka, kaka yangu, niegemee. Gari lile la nani? Lete funguo."

Wakaondoka na pikapu ya jirani, Bhekinkosi kavaa ngozi na manyoya ya sherehe, dada yake kamkumbatia asianguke. Watu walilisindikiza gari kwa macho, kisha wakarudi kwenye nyama. Nyama haikosi watu. Vyungu viliendelea kuchemka, pombe ikazunguka, wakatafuna wakisubiri kujua kama mwenyeji wao atakufa au binti yake ndiye malaya, na kwa vyovyote vile shibe ilikuwa ile ile. Beseni lilibaki katikati ya msonge. Nzi walilipata.

Simu ya Lindelwa ililia jua likiwa limeshika kasi.

"Wamempima," akasema Shangazi.

"Moyo?"

"Moyo gani! Mzani! Wamempandisha mzani, wakamsimamisha ukutani wakampima urefu, wakapiga hesabu zao. Daktari mwenyewe kijana, anasema uzito unakwenda sawa na urefu, mzee yuko safi, kazidisha nyama ya sherehe. Kampa dawa ya kiungulia. Baba yako keshaanza kuvaa manyoya yake arudi."

"Shangazi, usimwache atoke! Waambie nyaya, waambie mkono unamuuma..."

"Nimewaambia, mpaka na kamba nimewaonyesha. Unajua yule kijana kanijibuje? Kanitazama kuanzia juu mpaka chini, halafu akaniambia, mama, tungekuwa na hofu na mtu hapa, ingekuwa wewe."

Ziningi akafumba macho. Maneno yale aliyajua. Yalikuwa yake, aliyabeba mwaka mzima, tofauti ni kwamba yeye hakuyatamka.

"Ukafanyaje?"

"Nimekaa chini. Mlangoni mwa chumba cha yule kijana. Hakuna anayeingia, hakuna anayetoka. Nimewaambia wakitaka nihame wanibebe, na kabla ya kunibeba wanipandishe kwanza mzani wao, wajue waite watu wangapi." Akashusha pumzi. "Naona wanakwenda kuleta mashine. Nakata."

Baada ya hapo hapakuwa na simu. Jua liliingia msongeni kupitia mlango, likagusa beseni. Utando ulikuwa umepoa, umefanya gamba, rangi ya manjano imekuwa ya kijivu pembeni, na harufu ikabadilika ikawa tamu, ile harufu tamu mbaya inayokaa nyuma ya ulimi. MaNtuli alikaa karibu nalo akifukuza nzi kwa kitambaa, hasemi na binti yake wala hamwachi. Baba mkubwa alipita mlangoni akitangaza kuwa wageni wa mbali wanataka kuondoka, na kwamba ukoo wa Cele haujapata kudhalilika hivi. Midomo yake ilikuwa inang'aa mafuta. Ziningi aligeuza uso. Aliogopa akifungua kinywa kitatoka kitu kingine.

Simu ilipolia tena, aliipokea mwenyewe.

"Nyaya zimesema," akasema Shangazi. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Kijana kaacha kucheka. Wamemlaza, wamemchoma sindano, wamemwekea mpira wa hewa puani. Anasema moyo wake umekuwa ukidai damu kwa siku kadhaa na hawajui angefika wapi kama angecheza. Gari la wagonjwa linampeleka hospitali kubwa. Anapumua, Ziningi. Usilie, anapumua."

Ziningi alilia, udongo ukamtiririka usoni.

"Sasa vaa."

"Nilitaka arudi na jibu ndipo..."

"Jibu limekuja. Yeye haji leo. Ulisema utavaa, kavae. Usinifanye nimekaa sakafuni bure, matako yamekufa ganzi."

MaNtuli alichemsha maji, wakautumbukiza utando ulegee. Walipouinua ulinuka hata Lindelwa akageuka pembeni. Ziningi alivua kitambaa cha mabegani akasimama wima. Mafuta yalimwangukia mgongoni, ya vuguvugu kwa juu na baridi kwa ndani, mazito kuliko alivyofikiri, yakateleza, yakamng'ang'ania chini ya shingo. Mabonge yalilala juu ya maziwa yake. Wanawake waliinama wakakagua kila pembe, yule jirani mbele yao, wakivuta hapa na pale kwa vidole vilivyotafuta kosa. Utando ulikuwa mzima.

"Jamani, kapendeza," akasema yule jirani. "Nilisema mimi, mtoto huyu kalelewa."

Ziningi alimpita bila kumgusa, ingawa alitamani kumpangusia mafuta usoni.

Zizini watu walifanya nusu duara. Ilikuwa mchana mkali. Kiti cha baba kilikuwa tupu mbele ya wanaume, kimetandikwa ngozi, na baba mkubwa alikuwa ameshaanza kukisogelea huku akiweka sawa mkanda wake, mtu anayejua kuwa mkuki anaocheza nao mwali husimikwa kwanza mbele ya aliyekikalia, ndiye amtuze. Pikapu ikaingia kwa kishindo. Shangazi Nomagugu akashuka, gauni limejaa vumbi la sakafu ya hospitali, akakatiza katikati ya wanaume. Hakukimbia. Akafika, akageuka, akakaa kwenye kiti cha kaka yake, na kiti kikalia.

Mnong'ono ukapita. Mwanamke, upande wa wanaume, juu ya kiti cha mwenye nyumba!

"Nani kakuruhusu wewe kukaa hapo?" baba mkubwa akauliza.

"Mwenye kiti. Kama una neno, kamfuate, yuko kwenye gari la wagonjwa." Akamtazama Ziningi. "Mwali, cheza!"

Wasichana wakaanza wimbo. Ziningi alicheza hadi mbele ya kiti, mafuta yakimgonga mbavu, akasimika mkuki miguuni pa shangazi yake. Vigelegele vikapanda. Shangazi akainuka kwa shida, akabana noti ya kumtuza kwenye nywele za mwali, na katika kuinama mdomo ukafika sikioni.

"Alisema nini?" Ziningi akanong'ona. "Walipomweka garini, alisema nini?"

"Aliuliza swali moja."

"La moyo?"

"La utando. Alivua ule mpira puani, akaniuliza kama haujapasuka."

Jua lilikuwa limeshaanza kuyayeyusha yale mafuta. Yalimchuruzika tumboni, yakamwingia kitovuni, na nzi wakatua. Matapishi yalimpanda mpaka kooni, machungu, na wageni wote walikuwa wanamtazama kwa vinywa vinavyotafuna. Ziningi aliyameza, akang'oa mkuki, akaendelea kucheza.